Sumu ya panya si mpango wa kilimo

Kila msimu wa kupanda unapowadia, mambo yale yale hujirudia katika wilaya za Mkoa wa Tanga. Mkulima wa Korogwe, wa Handeni au wa Muheza amekwisha tayarisha shamba, amenunua mbegu kwa fedha aliyoipata kwa shida, na amepanda. Kabla mche haujachomoza, panya ameifukua mbegu shimo baada ya shimo, kama mtu aliyekuwa akimfuata nyuma na jembe lake. Mkulima hupanda tena, na panya hula tena. Ndipo malalamiko yanapoanza safari yake ndefu: kutoka kitongojini hadi kijijini, kutoka kijijini hadi katani, kutoka katani hadi wilayani. Na huko juu jibu limekuwa ni moja: pelekeni sumu.

Sumu hufika, na mara nyingi hufika wakati mbegu imekwisha liwa. Hugawiwa. Taarifa huandikwa kwamba kilo kadhaa zimetumika katika vijiji kadhaa na kwamba hali imedhibitiwa. Taarifa za namna hiyo hazina safu ya kuandika ni kanga wangapi, bundi wangapi, mondo wangapi na mbwa wangapi wa wananchi waliokufa pamoja na panya. Wala hazina safu ya kuandika ni panya wangapi waliobaki. Mwaka ambao mvua hunyesha vizuri panya hurudi kwa wingi ule ule, na faili hufunguliwa upya.

Makala haya yanasema waziwazi kwamba utaratibu huo ni uvivu uliovikwa joho la kazi. Kugawa sumu peke yake si mpango wa kilimo. Ni njia ya ofisi kuonekana imefanya jambo. Gharama yake hulipwa na mkulima. Hulipwa pia na viumbe wa porini ambao, bila mshahara wala posho, wamekuwa wakimlindia mkulima shamba lake tangu kabla wilaya zetu hazijawa na ofisi hata moja.

Adui ni wa kweli

Asije mtu akadhani kwamba tunamtetea panya. Panya shamba, yule ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ni adui wa kweli wa chakula cha taifa. Jike lake hubeba mimba kwa siku zipatazo 23 tu, na mara nyingi huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Watafiti wa nchi yetu wamekadiria kwamba katika miaka ya kawaida panya hutunyang'anya kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yetu. Katika mwaka wa mlipuko yako mashamba ambayo hupoteza zaidi ya asilimia 80 ya mbegu na miche. Kwa familia yenye eka mbili za mahindi, hasara hiyo maana yake ni njaa, na ada, sare na daftari za watoto zitakazokosekana.

Lakini adui wa kweli hupigwa kwa akili. Na kwa bahati njema, akili hiyo tunayo hapa hapa nchini. Kwa miongo kadhaa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Wizara ya Kilimo na wa Ubelgiji, wamemchunguza panya shamba usiku na mchana. Wamemkamata, wakamtia alama, wakamwachia, wakamkamata tena, mwaka hadi mwaka. Matokeo ya kazi hiyo, ambayo sehemu yake muhimu ilichapishwa mwaka 1996, yanaeleweka hata na mwanafunzi wa darasa la saba: mlipuko wa panya hauji kama radi. Hufuata mvua.

Kwa kawaida panya shamba huanza kuzaa baada ya mvua kubwa za masika kuotesha majani na mbegu za nyasi. Mvua za vuli zikiwa nyingi kupita kawaida, mwezi wa Novemba na wa Desemba, majani na mbegu huwa nyingi mapema, panya nao huzaa mapema, na watoto wao huwahi kukua na kuzaa katika mwaka ule ule. Kufikia miezi ya kiangazi inayofuata, panya katika hekta moja huweza kuhesabiwa kwa mamia. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba afisa mwenye kipimo cha mvua na daftari anaweza kuona dalili ya hatari miezi mingi kabla mkulima hajaona shimo la kwanza shambani. Anayesubiri malalamiko ndipo aagize sumu amechagua mwenyewe kuchelewa.

Sumu haichagui

Sasa tuitazame silaha yenyewe. Sumu za panya zinazotumika zaidi ni za aina mbili, na kila aina ina madhara yake.

Aina ya kwanza ni zinki fosfaidi, unga wa rangi ya kijivu cheusi unaochanganywa na punje za mahindi au pumba. Ukifika tumboni, asidi ya tumbo huugeuza kuwa gesi ya fosfini, na gesi hiyo huua kwa muda wa saa chache. Panya anayeonja kidogo akanusurika hajaribu tena. Hujifunza na kukaa mbali na chambo. Lakini kanga hajui. Kwale hajui. Njiwa hajui, na kuku wa mama mjane jirani na shamba hajui. Kwa ndege hao punje iliyomwagwa shambani ni punje tu. Chambo kinachotupwa ovyo juu ya ardhi badala ya kutiwa ndani ya shimo la panya huwa kimetegwa kwa kila mla nafaka apitaye, awe wa porini au wa nyumbani.

Aina ya pili ni zile sumu zinazozuia damu isigande, kama vile bromadioloni na brodifakumu. Hizi zilitengenezwa baada ya panya wa nchi nyingi kuizoea wafarini, sumu ya kundi hili iliyotangulia. Panya akizila hafi siku hiyo. Hukaa siku tatu, siku tano, hata wiki, akivuja damu ndani kwa ndani. Katika siku hizo huwa mzito, huyumba, hutoka mchana wakati panya mwenye afya amejificha. Kwa mwewe, kwa bundi, kwa kanu, kwa nguchiro, huyo ndiye panya rahisi kuliko wote kukamatwa. Na sumu haiishi ndani ya panya. Hukaa katika ini la aliyemla kwa miezi mingi, hujumlishwa na ya panya wa pili na wa tatu, mpaka siku ndege huyo anapopata jeraha dogo tu na damu yake ikakataa kusimama.

Kwa hiyo tuelewe jambo hili barabara. Sumu ya kwanza huua wenye kula nafaka pamoja na panya. Sumu ya pili humfanya panya mwenyewe kuwa chambo cha kuwaulia maadui zake. Katika hali zote mbili panya huzaliwa upya kwa majuma machache, ilhali mondo huzaa mara moja au mbili kwa mwaka, watoto wawili au watatu, na wachache tu kati yao hufikia utu uzima. Ukimuua panya na mondo siku moja, ni nani atakayerudi kwanza? Wazee wetu walisema, paka akiondoka panya hutawala. Sisi paka hatukumsubiri aondoke. Tumemfukuza wenyewe, tena kwa fedha zetu.

Nyanda za chini ya milima

Hasara hii ni kubwa zaidi mahali ambapo mashamba na mbuga vinapakana, na mkoa wetu umejaa mahali pa namna hiyo. Tazama upande wa kaskazini wa milima ya Usambara, pale ardhi inaposhuka ghafla kutoka Mtae na Mlalo hadi kwenye nyika ya Umba, na vijiji kama Mng'aro, Mnazi na Lunguza vimekaa kati ya mlima na majani. Ng'ambo ya mashamba hayo kuna Mkomazi, ambayo ilianza kuwa pori la akiba mwaka 1951 na sasa ni hifadhi ya taifa. Tazama bonde la Luengera, tambarare za Mombo, mapori ya Handeni na Kilindi, na mashamba ya zamani ya mkonge yaliyoota majani tangu bei ya mkonge ilipoanguka. Majani hayo ni nyumba ya panya. Ni nyumba pia ya wale wanaomla panya: mondo, kanu, paka-mwitu, bweha, nguchiro, mwewe, kipanga, ndege karani apitaye majanini kwa miguu yake mirefu, na nyoka ambao wengi wao hawana sumu wala ugomvi na mtu.

Mnyama hajui mpaka. Mwewe anayelala katika mti wa hifadhi huwinda mchana katika shamba la kijiji. Bweha naye huzunguka usiku kucha, akiingia na kutoka. Serikali hutumia fedha za umma kulinda wanyama upande mmoja wa alama, na sisi upande wa pili tunawawekea mezani panya mwenye sumu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu. Mtu akimtegea mondo sumu makusudi hushtakiwa. Lakini mondo yule yule akifa kwa sababu sumu ilimwagwa bila mpango, hakuna hata anayeandika. Kwa mondo tofauti hiyo haipo.

Milimani nako kuna urithi ambao dunia nzima inatuonea wivu. Kuna bundi mkubwa wa Usambara, ambaye jina lake la kisayansi linamkumbuka Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani huko Amani mwaka 1902. Bundi huyo anaishi katika misitu ya milima michache tu ya mashariki ya Tanzania, na mahali pengine popote duniani hayupo. Mgeni atasafiri kutoka Ulaya kuja kusikia mlio wake. Mwenyeji akiusikia, humtafutia jiwe.

Hesabu ya bundi

Hapa ndipo tunapopaswa kusema ukweli kuhusu kasumba yetu wenyewe. Katika pwani yetu bundi ana majina mengi na sifa mbaya moja. Akilia juu ya paa husemwa kwamba nyumba hiyo itatoa maiti. Akionekana mchana huuawa na watoto, na wakubwa hushangilia. Mwalimu ambaye asubuhi amefundisha somo la sayansi jioni hufunga dirisha kwa hofu ya ndege mwenye uzito usiofikia kilo moja.

Hebu tuache hofu, tufanye hesabu. Chakula kikuu cha bundi wa kawaida, yule mwenye uso mweupe akaaye katika mapaa ya shule, makanisa, misikiti na maghala, ni panya. Jozi moja yenye makinda hula mamia ya panya kwa mwaka, na katika mwaka wa neema huweza kupita elfu. Hataki mshahara, hataki nyumba ya serikali, hataki usafiri. Hutapika mifupa na manyoya katika vidonge ambavyo mwalimu yeyote anaweza kuviokota chini ya paa na kuwaonyesha wanafunzi mafuvu ya panya waliokuwa wakila mahindi ya wazazi wao. Basi ni nani mchawi katika hadithi hii: yule anayemla panya, au yule anayemuua mla panya?

Funzo la Lushoto

Mkoa wa Tanga una sababu yake ya pekee ya kuogopa sumu inayomwagwa kwa pupa. Tangu mwaka 1980 Wilaya ya Lushoto ilikumbwa na tauni. Kwa zaidi ya miaka ishirini ugonjwa huo ulirudi mara kwa mara katika vijiji vya milimani. Maelfu ya watu waliugua, na mamia walikufa. Wapo walimu waliofundisha katika madarasa yenye viti vitupu, na wapo wauguzi wa zahanati wa wakati huo ambao hawatasahau.

Tauni ilitufundisha jambo ambalo kila afisa wa afya analijua, ila afisa mgawa sumu anaweza kulisahau. Anayeuambukiza ugonjwa huo kwa binadamu mara nyingi si panya. Ni kiroboto akaaye katika manyoya yake. Panya akifa, mwili wake hupoa, na kiroboto mwenye njaa hutafuta mwili mwingine wenye joto. Kama panya amefia chini ya uvungu, mwili wa karibu ni wa mtoto aliyelala kitandani. Ndiyo maana kanuni ya kupambana na tauni ni kumwangamiza kiroboto kwanza, kisha panya. Anayeleta sumu ya panya katika kijiji chenye tauni bila kufuata mpango huo anaweza kuukaribisha ugonjwa ndani ya nyumba. Mpango uliokosewa huua watu.

Tukumbuke vilevile kwamba si kila panya ni adui. Huko huko Morogoro, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Panya wa Tanzania wametumwa kusafisha mashamba ya mabomu katika nchi za Msumbiji, Angola na Kambodia. Sumu inayomwagwa porini haimuulizi panya kama ni mwizi au ni mtumishi.

Wengine wamekwisha lipa

Mwenye akili hujifunza kwa msiba wa jirani. Rafiki zetu wa China, ambao walijenga nasi reli ya Uhuru, mwaka 1958 walitangaza vita ya umma dhidi ya wasumbufu wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro walifukuzwa kwa ngoma na masufuria mpaka wakaanguka kwa uchovu. Wadudu waliokuwa wakiliwa na shomoro wakaongezeka mashambani, tena katika miaka ile ile ya njaa kubwa. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika orodha ya maadui, na kunguni akawekwa mahali pake. Chama kilichoendesha vita ile kilikuwa na ujasiri wa kubadili agizo lake baada ya kusikiliza wataalamu.

Katika mbuga za vilima na nyanda za juu za Qinghai na Tibet, sumu ilitumika kwa miongo mingi kumuua pika, mnyama mdogo wa jamii ya sungura, aliyeshtakiwa kwamba anamaliza malisho. Zinki fosfaidi ilikuwa miongoni mwa silaha. Watafiti walikuja kuonyesha kwamba mashimo ya pika ni makao ya ndege na mijusi, na kwamba nyama yake ndiyo riziki ya mbweha, kipanga na hata dubu. Pale alipofutwa, nao walipungua. Tena mara nyingi pika alizidi mahali ambapo mifugo ilikuwa imekwisha kumaliza majani. Yeye alikuwa dalili, akahukumiwa kuwa ndiye ugonjwa.

Huko Malaysia walichagua njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 mashamba makubwa ya michikichi yalianza kuweka masanduku ya viota juu ya nguzo ili bundi wazaliane na kuwala panya wanaokula matunda. Njia hiyo inahitaji mbao, misumari na subira, vitu ambavyo Tanga haivikosi.

Tuzijibu hoja

Wako watakaosema kwamba mkulima mwenye njaa hana nafasi ya kumhurumia bundi. Ni kweli, na hatumwombi huruma. Tunamwomba afanye hesabu. Mkulima anayemuua mlinzi wake mwaka huu atanunua sumu nyingi zaidi mwaka ujao, na zaidi mwaka wa tatu. Anayefaidi hesabu hiyo ni mwuza sumu. Nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 haikukusudia kujenga mkulima anayetegemea pakiti ya sumu ili aweze kuvuna.

Wako pia watakaosema, kwa ujuzi zaidi, kwamba ndege na wanyama hawawezi kuuzuia mlipuko. Hoja hiyo ina ukweli, nasi hatuikimbii. Majaribio yaliyofanywa Morogoro kwa kuwawekea ndege vijiti vya kutua na masanduku ya viota yameonyesha kwamba wala panya peke yao hawatoshi kuizuia kasi ya panya shamba katika mwaka wa mvua nyingi. Bundi si muujiza. Lakini je, sumu peke yake imetosha? Shamba lililotiwa sumu kipande kimoja hujazwa tena na panya kutoka kwenye majani ya jirani kabla mwezi haujaisha. Kama hakuna silaha moja inayotosha, basi ni ujinga kuitumia silaha moja kuziharibu nyingine zote.

Wengine watauliza: je, mwataka sumu ipigwe marufuku? Hapana. Sumu ina mahali pake, na ni pa mwisho, pamoja na kipimo, wakati na mtu wa kuwajibika. Tunachokikataa ni sumu kuwa ya kwanza, ya pekee, na isiyo na hesabu.

Lifanyike nini

Kwanza, mvua ipimwe. Shule zetu za msingi na sekondari katika wilaya zote za mkoa zinaweza kuwa na kipimo cha mvua na daftari. Elimu ya kujitegemea haikuishia kwenye jembe. Mwanafunzi anayesoma kipimo kila asubuhi na kujua kwamba vuli ya mwaka huu imezidi anakitumikia kijiji chake kuliko mgeni yeyote atakayekuja na gari. Takwimu hizo zifike kwa afisa kilimo kabla ya mwaka kwisha, naye awajibike kusema: mwakani kuna hatari, au hakuna.

Pili, shamba lisafishwe na kijiji kipande kwa pamoja. Utafiti wa hapa nchini umeonyesha kwamba mashamba yaliyolimwa kwa trekta huwa na panya wachache kuliko yale yaliyofyekwa na kuchomwa moto tu, kwa kuwa jembe la trekta huvunja mashimo na kufukia mbegu za magugu. Kufyeka majani ya kingo, kupanda kwa wakati mmoja, na kutunza nafaka katika vihenge vilivyoinuliwa na kufungwa vizuri ni kazi ambazo hazihitaji kibali kutoka popote.

Tatu, mitego irudi. Kijiji kizima kikitega kwa pamoja, kila siku, nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba, panya hupungua na hakuna kanga anayekufa. Mtu mmoja akitega peke yake anajichosha. Watu mia wakitega pamoja hupata mavuno yao. Huu ndio umoja tunaouimba kila siku, na panya ni mtihani wake mdogo.

Nne, mahali ambapo sumu hapana budi itumike, itumike kabla ya kupanda, ndani ya mashimo, chini ya usimamizi, na mizoga ikusanywe na kufukiwa. Sumu za kuzuia damu zibaki ndani ya majengo, katika masanduku ya chambo ambayo kuku na mtoto hawawezi kuyafungua, zisimwagwe mbugani.

Tano, biashara holela ikomeshwe. Katika minada yetu na stendi za mabasi, vipaza sauti vinatangaza sumu ya panya, kunguni na mende kwa pumzi moja. Huuzwa katika vipakiti ambavyo vingine havina jina la dawa, kipimo, wala onyo. Mnunuzi hajui amebeba nini mfukoni, na mtoto wake atakapoidhania peremende daktari hatajua amtibu nini. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina nguvu za kisheria juu ya jambo hili. Halmashauri zinazotoza ushuru katika minada hiyo nazo zina macho. Ushuru usiwe bei ya kufumba macho hayo.

Sita, na hili ni la walimu hasa: bundi aondolewe katika orodha ya wachawi. Somo moja la saa moja, vidonge vichache vilivyookotwa chini ya paa, na mafuvu ya panya juu ya meza ya darasa vitafanya kazi ambayo mabango mia hayawezi.

Ndugu watumishi wa umma, safari ijayo mtakapoandikiwa dokezo kuomba kilo za sumu kwa ajili ya vijiji vya nyika, kabla ya kutia sahihi ulizeni maswali matatu. Mvua ya vuli ilikuwa milimita ngapi? Mashimo yamehesabiwa na nani? Mizoga itafukiwa na nani? Dokezo lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa aliyeliandika. Panya hawatangoja, hilo twajua. Lakini vuli hutangulia kiangazi kila mwaka, na afisa aliyesoma kipimo cha Desemba hana sababu ya kukimbizana na panya wa Septemba.